Bahari inayochukua masaa 30 kujaa: ukitaka kuunda sayari yenye maji mavivu

Watu wanaobuni sayari zao kwa ajili ya riwaya au gemu wakifika kwenye bahari kila mtu anataka kitu tofauti, na kimoja kinachopendwa sana ni maji yanayojaa na kupwa polepole, yaani siyo haya yetu ya alfajiri yamejaa saa nne yamekauka, hapana, maji yanayoanza kupanda leo mchana, yanapanda usiku kucha na kesho bado yanapanda. Wazo zuri kabisa. Shida ni njia wanayoanzia, wanachukua mwezi wanausukuma mbali, wakiamini mwezi ukiwa mbali na ukizunguka kwa uvivu basi na maji yatakuwa mavivu. Ni kinyume. Mwezi wetu ukisogezwa mbali maji yanaanza kwenda haraka kidogo, na ukiusogeza mbali sana yanaishia kwenye masaa 12 kasoro dakika mbili hivi badala ya masaa 12 na dakika 25 tuliyozoea.

Kwa nini? Kwanza tenganisha kimo na spidi maana watu wanavichanganya kila siku. Kimo, yaani maji yanapanda mita ngapi, kinategemea uzito wa mwezi na umbali wake, na umbali ndo unaouma zaidi: mwezi ukienda mara mbili ya umbali wake wa sasa, nguvu ya kuinua maji haishuki nusu, inashuka mara nane. Spidi haijali uzito. Spidi inatokana na swali moja tu, mwezi unarudi juu ya kichwa chako kila baada ya muda gani, na hilo linaamuliwa na mizunguko miwili kwa pamoja, sayari inavyojizungusha na mwezi unavyoizunguka sayari.

Chukua bajaji na daladala kwenye kipilefti. Daladala ikiwa imepaki, bajaji inaipita kila ikimaliza raundi. Daladala nayo ikiwa inazunguka, tena karibu na spidi ya bajaji, bajaji itapiga raundi nyingi sana kabla ya kuipita tena. Wewe uliyeko ufukweni ndo uko ndani ya bajaji, na mwezi ndo daladala. Ukiupeleka mwezi mbali unapunguza mwendo wake, yaani umeipaki daladala, na sasa unaipita kila raundi.

Hesabu yake haihitaji kalkuleta ya maana. Dunia inajizungusha digrii 15 kwa saa. Mwezi wetu unasogea kama nusu digrii kwa saa, upande uleule. Tofauti ni digrii 14.5, gawanya 360 kwa hiyo unapata masaa 24 na dakika 50, na kwa sababu maji yanavimba pande mbili, upande unaoutazama mwezi na upande wa nyuma, unagawa kwa mbili: masaa 12 na dakika 25 toka maji kujaa mpaka kujaa tena. Basi. Ukitaka maji mavivu kazi yako ni kuifanya hiyo tofauti iwe ndogo, na hakuna ujanja mwingine.

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuipunguzia sayari yenyewe mwendo. Zuhura inafanya hivyo, siku yake moja toka jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena ni kama siku 117 za kwetu, na ingekuwa na bahari leo jua peke yake lingekuwa linainua maji kila baada ya siku 58 hivi. Na usidhani siku ndefu lazima iue kila kitu, mwaka 2016 watafiti wa NASA walioko New York walitoa modeli ya kompyuta inayoonesha kwamba Zuhura ya zamani, kama ilikuwa na bahari na ilijizungusha polepole hivyo, ingeweza kuwa na hali ya hewa inayofaa kuishi kabisa, kwa sababu upande wa mchana unajaza mawingu mazito yanayorudisha jua lilikotoka. Lakini ukishaipa sayari siku ndefu unaanza kugombana na mwezi. Mwezi unaozunguka haraka kuliko sayari inavyojizungusha unavutwa chini kidogokidogo, ndo yanayoipata Phobos ya Mirihi sasa hivi, inakaribia kama sentimita mbili kwa mwaka na ndani ya makumi ya mamilioni ya miaka itavunjika au itaanguka. Basi unaachana na mwezi, unabaki na jua tu, na jua letu kwa umbali huu linainua maji chini ya nusu ya anavyoinua mwezi. Una bahari mvivu, sawa, lakini inakaribia kuwa ziwa. Mimi siipendi hiyo.

Njia ya pili ndo tamu, na mfano wake upo jirani. Mwanaastronomia Asaph Hall aligundua miezi miwili ya Mirihi mwaka 1877, Phobos na Deimos. Deimos inaizunguka Mirihi kwa masaa 30 na kidogo, na Mirihi inajizungusha kwa masaa 24 na dakika 37. Bajaji na daladala zinakaribiana spidi, sasa ona: Deimos inarudi pale pale angani baada ya masaa kama 131, siku tano na zaidi. Mirihi ingekuwa na bahari, na Deimos isingekuwa kijiwe cha kilomita 12 tu, maji yangekuwa yanajaa kila baada ya masaa 65.

Tuibe hiyo. Sayari yetu iwe na uzito wa Dunia, ijizungushe kwa masaa 24, mwezi wake uizunguke kwa masaa 30. Sayari digrii 15 kwa saa, mwezi digrii 12, tofauti tatu. Mwezi unarudi juu ya kichwa baada ya masaa 120, maji yanajaa kila baada ya masaa 60, maana yake masaa 30 ya kupanda na masaa 30 ya kushuka. Namba zimekaa vizuri mpaka raha. Mwezi huo utakuwa kilomita kama 49,000 kutoka katikati ya sayari, wa kwetu uko 384,400, kwa hiyo uko karibu zaidi kama mara nane, na kwa umbali huo ungekuwa na uzito wa mwezi wetu ungeinua maji karibu mara 480 ya sasa, maafa. Hivyo unaupunguza. Ili maji yainuliwe kwa nguvu ileile ya kwetu mwezi huo unatakiwa uwe na upana wa kilomita 440 hivi ukiwa wa jiwe la aina ileile, na hapa kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui, ukiuangalia angani utaonekana mkubwa sawasawa na mwezi wetu. Siyo bahati, miezi miwili ya mawe yaleyale ikionekana saizi moja angani inavuta maji sawa, haijalishi iko umbali gani.

Anga lake lakini ni kichekesho. Mwezi unachomoza mashariki kama kawaida, halafu hauondoki, unatambaa juu zaidi ya siku mbili ndo uzame, na humohumo ndani unakuwa mwandamo, nusu, mpevu, unaisha, unaanza tena, kwa sababu mzunguko mzima wa mwangaza wake ni masaa 30 tu. Watu wa huko hawawezi kuhesabu miezi ya kalenda kwa mwezi. Watakachopata ni wiki ya siku tano: maji yakikupwa kabisa leo saa sita mchana, yatakupwa tena baada ya siku mbili na nusu saa sita usiku, halafu siku ya tano yanarudi saa sita mchana, yakiwa yamewahi kama dakika 20 tu. Na bamvua na maji mafu kama tunavyoyajua hayapo, maana jua na mwezi vinapangana kila baada ya masaa 15 hivi, hakuna muda wa maji kuwa makubwa wiki moja na madogo wiki nyingine.

Hapa sasa kuna mtego ambao hata wabunifu makini wanaukanyaga. Ukichukua mchoro wa shuleni, ule wa Dunia yenye uvimbe wa maji pande mbili, mchoro huo kwa Dunia yetu ni wa uongo kwa kiasi kikubwa. Ni wazo la Newton la mwaka 1687, na ni sahihi kama maji yangepata muda wa kufuata mwezi. Hayapati. Wimbi refu kama hilo kwenye bahari ya kina cha kilomita nne linakwenda kama kilomita 700 kwa saa, wakati pale ikweta Dunia inajizungusha chini ya mwezi kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, kwa hiyo bahari inaachwa nyuma, na kinachotokea ni maji kuyumba ndani ya mabonde ya bahari, yanagonga mabara, yanazunguka vituo fulani ambako hayapandi wala hayashuki. Mwanahisabati wa Ufaransa, Laplace, ndo aliyeanza kuliweka hili kwenye hesabu miaka ya 1770. Ndo maana Zanzibar na Mombasa maji ya bamvua yanapanda mita tatu na zaidi, Ghuba ya Fundy kule Kanada yanafika mita 16, na sehemu nyingine hayafiki hata nusu mita, na mwezi ni uleule.

Kwenye sayari yetu ya kubuni uvimbe unatembea kilomita kama 330 kwa saa tu. Bahari inauwahi. Yaani mchoro wa shuleni unakuwa kweli, maji yanajaa mwezi ukiwa juu ya kichwa, mtoto anaweza kutazama juu akakwambia maji yako wapi. Lakini gharama yake ni kwamba ule ukuzaji wote wa mabonde na ghuba karibu unapotea, na nguvu ya mwezi kama wetu bila kukuzwa inainua bahari ya wazi kama nusu mita tu. Kwa hiyo aliyeandika maji yake ni mavivu na bado yanapanda mita nne kwenye kila bandari bila kugusa mwezi, amekula hasara. Lazima uuongezee mwezi uzito, mara sita hivi, upana wake ufike kilomita 800, angani uwe karibu mara mbili ya wetu, ndo unapata mita tatu za uvivu.

Na jua? Jua halikuambiwa kuhusu mpango wako. Sayari bado inajizungusha kwa masaa 24 kwa hiyo jua linaendelea kuinua na kushusha maji kila masaa 12, na haya ya jua ni ya haraka kwa hiyo ndiyo yatakayokuzwa na ghuba. Matokeo yake ni maji yanayopanda kwa masaa 30 huku njiani yanapumua, yanapanda kidogo yanarudi kidogo. Mimi naona inaongeza ladha, lakini kama unataka uvivu msafi badilisha nyota, siyo mwezi. Nyota yenye uzito mara 1.3 ya jua letu inang'aa sana, sayari inabidi ikae mbali zaidi ili isiungue, na kwa umbali huo maji ya jua yanashuka mpaka karibu robo ya yale ya kwetu. Mwaka wako unakuwa karibu miaka miwili ya huku, hilo ulikubali. Nyota ndogo nyekundu usiziguse kwa kazi hii, sayari inakaa karibu nazo mno na jua lao ndo linashika bahari yote.

Ufukweni sasa. Ukanda wa pwani ya Zanzibar unaishi kwa ratiba, bamvua maji yanakupwa kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, kina mama wa Paje na Jambiani wanashuka kwenye mwani, wengine wanatafuta pweza kwenye miamba, baada ya masaa machache bahari inarudi. Kwenye sayari ya masaa 60, sehemu ya chini ya ufukwe inabaki kavu masaa 15 au zaidi mfululizo. Kukupwa kwa mchana maana yake jua la siku nzima juu ya matumbawe, mwani na chaza. Viumbe vya hapo haviwezi kuwa vya kujifunga tu na kusubiri, vitakuwa na ngozi ngumu au vitachimba chini au vitahama na maji, na mstari kati ya vinavyovumilia na visivyovumilia utakuwa mkali kuliko wetu. Kukupwa kwa usiku ni neema, baridi na unyevu, nadhani uvuvi wote wa miguu ungekuwa wa usiku huo. Mikoko nayo ina shida ya pili, maji ya mkondoni yanabadilishwa mara tano pungufu ya kwetu, kwa hiyo ndani kabisa ya mikono ya bahari maji yanachacha, hewa inapungua, samaki wadogo wanakosa kitalu. Na bahari kuu pia inakosa mkorogo, maana kwetu maji kujaa na kupwa yanatumia nguvu ya kama terawati 3.7 (wati trilioni 3.7), na sehemu yake ndo inayosaidia kupandisha maji ya chini yenye chakula. Sayari ya maji mavivu itegemee upepo zaidi.

Manahodha wangelala sana. Chombo kikubwa kikikosa maji ya kuvuka mwamba kinasubiri siku mbili na nusu nje, kwa hiyo miji ya bandari ingekuwa na vituo vya kulala upande wa nje wa mwamba kabla ya kuwa na gati upande wa ndani. Faida ni kwamba ukiingia una masaa mengi ya kupakua bila haraka na mkondo wa mlangoni ni wa upole.

Tatizo kubwa la njia hii ni muda. Msuguano wa maji unausukuma mwezi nje. Wa kwetu unasogea sentimita 3.8 kwa mwaka, inapimwa kwa leza inayogonga vioo walivyoacha wanaanga wa Apollo, na matumbawe ya kale ya kama miaka milioni 400 iliyopita yana mistari ya kukua inayoonesha mwaka ulikuwa na siku karibu 400. Lakini ukaribu unazidisha hilo vibaya sana. Mwezi wetu mdogo wa kilomita 49,000, ukiupa msuguano kama wa bahari zetu, unakimbia mita kadhaa kwa mwaka, na yule mzito wa kuinua maji mita tatu anakimbia zaidi. Ukifika kilomita 60,000 tu maji tayari yanajaa kila masaa 29 badala ya 60. Hiyo ni miaka milioni chache tu. Bahari iliyotulia inaweza kuwa na msuguano mdogo, utapata nyongeza, ila siyo mabilioni. Kwa stori ya wafalme na majahazi miaka milioni inatosha na kubaki. Kwa stori ambayo viumbe vimeumbika kwa maji hayo toka zamani za zamani, haitoshi.

Ukitaka ya kudumu unaacha kukimbizana kabisa, unafunga. Pluto na mwezi wake Charon zimefungana, zote zinatazamana uso kwa uso muda wote kwa mzunguko wa siku 6.4, na kwenye hali hiyo uvimbe wa maji upo lakini hautembei, ufukwe haujui lolote. Ujanja ni kuifanya njia ya mzunguko iwe na umbo la yai kidogo. Sasa umbali unaongezeka na kupungua, uvimbe unanenepa na kukonda palepale ulipo, na maji yanapanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko. Hii siyo nadharia ya hewani, Titan, mwezi wa Zohali, iko hivyo, imefungwa, njia yake ina yai kidogo, inazunguka kwa siku 16 kasoro kidogo, na ina bahari za methani kama Kraken Mare zilizoonwa na chombo cha Cassini kilichokaa huko toka 2004 mpaka 2017. Bahari mvivu kuliko zote tunazozijua ipo tayari, basi tu hainyweki.

Kwa hiyo mimi ningejenga hivi: sayari kubwa ya gesi kama Zohali iliyokaa umbali wa joto zuri toka kwenye nyota yake, na dunia yako ndo mwezi wake, mahali alipo Titan. Kwa hesabu ya juu juu uvimbe wa kudumu unafika mita kama 130, lakini hakuna anayeuona kwa sababu nchi kavu nayo imejikunja kuufuata, kinachoonekana ni ile tofauti ya yai, na ukiweka yai la theluthi ya lile la Titan unabaki na mita kama nne za maji kwa siku 16, nane kupanda nane kushuka. Yai linahitaji wa kulilinda, maana msuguano unalinyoosha liwe duara, kwa hiyo weka mwezi mwingine jirani wa kulisukumasukuma, kama Io, Europa na Ganymede zinavyosukumana kule kwa Mshtarii. Usizidishe tu, Io inakandwa mpaka imejaa volkano, wanasayansi walitabiri hilo kwenye karatasi ya Machi 1979 na siku chache baadaye Voyager 1 ikapita ikaziona.

Siku yenyewe huko ni ya siku 16 pia, wiki nzima ya mchana na wiki ya usiku, na kwa sababu dunia hiyo inaizunguka nyota pamoja na mama yake, kilele cha maji hakibaki saa moja, kinateleza taratibu ndani ya mwaka, kuna msimu maji yanakupwa mchana na msimu yanakupwa usiku. Hapo ndo pa kuweka sikukuu na vita vya mashamba ya mwani, siyo kwenye mvua na kiangazi.

Na mji uweke wapi? Upande unaotazama sayari kubwa na upande wa nyuma kabisa maji yanapanda kwa pamoja, ukanda wa katikati unaozunguka pembeni unashuka wakati huohuo, kwa hiyo wafanyabiashara wanaovuka kati yao wanakuta ratiba imegeuka. Mimi ningeweka taifa la mabaharia upande wa nyuma, watu ambao wana maji ya siku 16 yasiyokosea hata kidogo na hawajawahi kuiona ile sayari inayoyavuta.